Mwanangu, Msome Samaki Kabla Hujanunua Wavu

Mwanangu, najua una haraka. Kiangazi kinaelekea ukingoni, mto umeshuka, na kila asubuhi unarudi na samaki wachache, vichwa vikubwa, migongo imekwisha. Umeanza kusema samaki wameisha. Kuna mtu amekuonyesha wavu wa macho madogo na kukuhakikishia kwamba huo haukosi kitu. Sasa unatafuta fedha za kuununua kabla mvua hazijaanza.

Kaa kidogo. Chai ipo. Nina jambo moja tu la kukuambia, na nitalisema polepole ili likuingie. Samaki hukonda na kunenepa kwa majira. Mtu anayeamua mambo yake ya uvuvi katika miezi ambayo samaki amekonda, mara nyingi huamua vibaya. Usibadili wavu kwa sababu ya miezi ya njaa. Msome samaki kwanza.

Nasema na wewe uliye Murongo, kando ya Mto Kagera. Nasema na wewe unayechimba bwawa nyuma ya migomba huko Nkwenda au Isingiro. Nasema na wewe binti unayesubiri gari la samaki kutoka Bukoba ili upate cha kuuza Kayanga na Omurushaka. Nyote ni wanangu, na nyote mnakula kwa mgongo wa samaki huyohuyo.

Mimi sikuwa mvuvi. Mume wangu ndiye aliyevua. Mimi nilipasua, nikabanika, nikauza. Mvuvi humwona samaki kwa nje, tena alfajiri, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi. Anayepasua humwona kwa ndani. Kisu changu kilinifundisha mambo ambayo mume wangu hakuwa na nafasi ya kuyaona, na leo nakupa wewe bure.

Mchukue kambare wa Juni, mafuriko yanapoanza kurudi. Pasua tumbo kutoka chini kuelekea kichwani, taratibu, usipasue nyongo. Utakuta mafuta meupe yamekumbatia utumbo. Utumbo wenyewe umejaa: wadudu, konokono, vipande vya samaki wadogo. Nyama ya mgongo imejaa pande zote mbili. Ukimweka juu ya moto, mafuta yanadondoka kwenye makaa na moshi unanukia hadi kwa jirani. Huyo amenona.

Sasa mchukue kambare wa mwisho wa Agosti. Ni urefu uleule. Pasua. Mafuta hakuna, au umebaki utando mwembamba. Utumbo ni mtupu. Nyongo imevimba, ya kijani kilichoiva, kwa sababu samaki asiyekula haimwagi nyongo yake. Ukipitisha kidole mgongoni unauhisi mfupa. Ukimbanika, anakuwa mkavu, anavunjika mkononi mwa mteja. Huyo hakuugua wala hakulogwa. Ameishi wiki kadhaa kwa kula akiba ya mwili wake mwenyewe.

Halafu mchukue kambare jike wa Machi, mvua za masika zinapoanza kugonga mabati. Tumbo limejaa, limetokeza. Mteja akimwona anasema, mama, huyu amenona, nipe huyu. Pasua. Ni mayai matupu, maelfu kwa maelfu, yamejaa hadi mbavuni. Ila shika mgongo wake. Ni mwembamba. Mafuta yote aliyokuwa nayo yamekwenda kwenye mayai. Mwanangu, shika hili: tumbo kubwa si unene. Wengi huchanganya mambo haya mawili, wavuvi kwa wanunuzi, na hapo ndipo makosa mengi huanzia.

Sasa tuitazame kalenda ya kwetu. Karagwe na Kyerwa tuna mvua mara mbili. Vuli huanza Septemba na kuendelea hadi Desemba. Januari na Februari mvua hupungua. Masika ni kuanzia Machi hadi Mei. Kisha huja kiangazi kirefu, ekyanda, Juni hadi Agosti. Mwaka haufanani na mwaka, lakini mpangilio ndio huo.

Mvua zikishuka, samaki hupata karamu. Kumbikumbi wanaruka na kuangukia majini. Maji ya mvua yanasomba wadudu, minyoo na majani kutoka mashambani. Mto unavuka kingo zake na kuingia kwenye mafunjo na nyasi. Kambare madume huwafuata majike usiku kwenye maji machache ya pembezoni, huko kwenye nyasi zilizofunikwa maji, na mayai hunasa kwenye majani. Hayalindwi na mtu. Baada ya kama siku moja au mbili yanaanguliwa, na vifaranga hujificha humohumo kwenye nyasi. Nyasi zilizofurika ni chumba chao cha kukulia.

Baada ya kuzaa, mama na baba huwa wamechoka kabisa. Nyama yao inakuwa laini, yenye maji mengi. Ukimbanika samaki wa aina hiyo anasinyaa machoni mwako, na ulichonunua si ulichobaki nacho. Lakini mafuriko bado yapo na chakula kipo. Wiki baada ya wiki hujirudishia mwili. Mto Kagera nao hauna haraka. Hupitia vinamasi na maziwa mengi upande wa Rwanda na upande wetu, na maji hukaa humo kabla ya kushuka. Ndiyo maana mto huwa umejaa hasa mwishoni mwa masika, hata pale mvua zilipokwisha kupungua vijijini. Maji yanapoanza kurudi, samaki hutoka kwenye nyasi wakiwa wamenona, na hapo ndipo mavuno halali huwa mazuri kuliko wakati wowote.

Kisha maji yanazidi kushuka. Nyasi zinakauka. Samaki wamebanana mtoni na kwenye vidimbwi, chakula kimepungua. Wanaanza kula akiba ya mwili. Ndipo tunafika Agosti na Septemba, ulipo wewe sasa, na wavu wako mkononi, na hasira moyoni.

Sato naye ana mambo yake. Yeye huweza kuzaa nyakati nyingi za mwaka maji yakiwa na joto, ila mvua humhamasisha zaidi. Dume huchimba kiota chini na kukilinda. Jike hutaga, kisha huyaokota mayai na kuyaweka kinywani. Hukaa nayo humo, na vifaranga baadaye, kwa takriban wiki mbili. Muda huo wote hali chakula cha maana. Nimewahi kumtoa sato kwenye beseni, nikamfungua mdomo, vifaranga wakamwagika kiganjani mwangu, wadogo, macho tu. Mama yao alikuwa amekonda, mgongo umebaki kama kisu kilichonolewa. Sikuweza kumpasua siku ile. Lakini wavu ulikwisha kumtoa, na vifaranga hawakuwa na pa kurudi.

Ukiyaelewa hayo, utaona mitego miwili ambayo samaki na mvuvi hunaswa pamoja.

Mtego wa kwanza ni Machi. Kambare wenye mayai wanasogea pembezoni kwa makundi, hawana woga, wanakamatika kwa urahisi. Na soko linawangoja. Ni Kwaresima. Kwetu Wakristo ni wengi, na siku za Ijumaa nyama haipikwi. Bei ya samaki inapanda Kayanga, inapanda Nkwenda, inapanda kila gulio. Mvuvi anaona neema: samaki tele, tumbo kubwa, bei nzuri. Nami nilikuwa wa kwanza kumwambia mume wangu, nenda, usirudi mapema. Lakini fikiri, mwanangu. Sisi ni watu wa ng'ombe wenye pembe ndefu. Hakuna mfugaji wa Karagwe anayechinja ng'ombe mwenye mimba kwa sababu tumbo lake limependeza. Kila kambare jike aliyeuzwa Machi akiwa na mayai alikuwa amebeba makumi ya maelfu ya samaki ambao hatukuwangoja.

Mtego wa pili ndio ulionirudisha mezani hapa nizungumze na wewe. Nyavu za makila humshika samaki kwa unene wake, si kwa urefu wake. Samaki anaingiza kichwa kwenye jicho la wavu, anasukuma, anakwama penye mashavu au penye tumbo. Wachukue sato wawili wa urefu mmoja. Aliyenona atakwama. Aliyekonda atapenya na kwenda zake. Kwa hiyo wavu uleule, mahali palepale, mikono ileile, hukupa samaki wengi katika miezi ya unono na wachache katika miezi ya njaa. Unapovuta wavu mtupu mwishoni mwa kiangazi, si lazima samaki wawe wameisha. Pengine wamepita katikati ya macho ya wavu wako kwa sababu wamekonda.

Asiyejua hilo hufanya nini? Hununua macho madogo. Naye hupata! Ndiyo hatari yake. Anapata samaki wembamba aliokuwa akiwakosa, anasema, nilikuwa nachelewa wapi. Kisha mvua zinakuja, samaki wananona, na wavu ule wa macho madogo bado upo. Hakuna anayeuweka darini. Sasa unawashika walionona, na pamoja nao watoto ambao hata kwa unono wao walipaswa kupita. Wavu ulionunuliwa kwa ajili ya miezi miwili ya njaa unavua miezi kumi na miwili.

Najua hayo kwa sababu fedha ya wavu wa namna hiyo ilitoka kwangu. Mume wangu alisita. Alisema tungoje vuli, tuone. Mimi nilikuwa na ada za shule mbele yangu na beseni tupu, nikamwambia wenzako wamebadili, wewe unangoja nini? Nikafungua fundo la kitenge nikampa akiba yangu. Miezi ya kwanza tulifurahi. Niliuza mafungu mengi kuliko zamani. Sikuona kosa kwa sababu liliingia nyumbani kwa furaha. Nilianza kuliona kwenye kisu: nilikuwa nikipasua samaki wadogo zaidi, hawana mayai wala dalili ya mayai, hawajawahi kuzaa hata mara moja. Fungu lililokuwa na samaki watatu likawa na saba, kisha likawa na kumi, na bei ilikuwa ileile. Kiangazi kilichofuata njaa ilikuwa kubwa kuliko ile tuliyoikimbia. Na ushauri tuliopewa ulikuwa uleule: punguzeni macho zaidi.

Hiyo si hadithi ya nyumba yangu peke yake. Ni hadithi ya maji yote ya ukanda wetu. Mkondo wa Kagera unaishia Ziwa Victoria, na huko mambo haya yameandikwa. Nyavu za makila zilianza kutumika upande wa Kenya mwaka 1905. Samaki mkuu wa ziwa wakati huo alikuwa ngege. Wavuvi walipoona wavu mmoja unatoa ngege wachache kuliko zamani, wakahamia macho madogo. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alilichunguza ziwa, na ripoti yake ya 1929 ikashauri macho ya wavu yasipungue inchi 5. Sharti hilo likawekwa, kisha kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 likawa limelegezwa kuzunguka ziwa. Ngege akazidi kupungua. Sato tunayemla leo aliletwa ziwani miaka ya 1950, na sangara naye akapandikizwa miaka hiyohiyo. Ngege wa asili sasa ni nadra sana Ziwa Victoria. Amesalia zaidi kwenye maziwa madogo ya pembeni, na mojawapo ni Burigi, hapo hapo kusini mwa Karagwe.

Kuna na ningu. Huyu alikaa ziwani, mvua zikinyesha anapanda mito kwenda kuzaa. Alipanda Kagera, alipanda Nzoia huko Kenya, alipanda na mito mingine. Wazee walimngoja mtoni kwa migono na nyuzio za fito. Zilichukua wengi, lakini zilibakiza. Kisha nyavu zikategwa midomoni mwa mito, na katika miaka ya 1950 zikaja za nailoni, nyepesi na zisizooza haraka. Ningu alikuwa anakamatwa akipanda, tumbo limejaa mayai, kabla hajazaa. Mwaka 1965 mtafiti Cadwalladr aliandika jinsi uvuvi wa ningu ulivyoporomoka, na jinsi mitego ya jadi ya Mto Nzoia ilivyokufa pamoja nao. Samaki alikuwa akiwafuata watu hadi mlangoni kila mvua. Hawakuhitaji kumkimbilia. Walihitaji tu kumwacha apite kwanza.

Sasa utaniuliza, mama, nitajuaje kama samaki wamekonda au wameisha? Swali zuri. Unahitaji mizani ndogo, rula na daftari. Kuna kipimo cha zamani ambacho wataalamu wa samaki hukitumia hadi leo. Kinaitwa kwa jina la Fulton, mwanasayansi wa Uskoti. Mpime samaki urefu kwa sentimita, kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Mpime uzito kwa gramu. Kwa sisi tunaotaka kujua unene hasa, mpime akiwa ameshatolewa matumbo, mayai yasije yakakudanganya. Kisha zidisha uzito kwa 100. Urefu uzidishe wenyewe kwa wenyewe mara tatu. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili.

Tufanye mfano. Sato wa sentimita 25. 25 × 25 × 25 inakupa 15,625. Akiwa na gramu 280, jibu ni karibu 1.8. Akiwa na gramu 240, jibu ni karibu 1.5. Urefu ni uleule, lakini huyu wa pili amepoteza gramu 40 za nyama. Ukiwa na sato 100 wa aina hiyo, kilo 28 zimekuwa kilo 24. Umefanya kazi ileile, umepiga makasia yaleyale, na kilo 4 hazipo. Hazikuibwa na jirani. Zimekwenda na majira.

Fanya hivyo kila mwezi kwa samaki kadhaa wa aina moja. Usilinganishe sato na kambare, maana kambare ni mrefu kwa maumbile na namba yake siku zote huwa ndogo. Baada ya mwaka daftari litakuambia. Ikiwa idadi imepungua na namba ya unene nayo imeshuka, hiyo ni njaa ya majira, ngoja mvua. Ikiwa samaki wamenona vizuri lakini ni wachache, na kila mwaka wanazidi kuwa wafupi, hapo kuna tatizo kubwa, na dawa yake haitakuwa wavu wa macho madogo. Dawa yake ni kuwaachia nafasi.

Wewe unayeuza, nawe sikiliza. Nunua kwa kilo inapowezekana, hasa Agosti na Septemba. Ukinunua kwa kichwa au kwa fungu katika miezi hiyo, unalipia mifupa. Samaki aliyenona mbanike na umuuze mapema, maana mafuta yake huchacha akikaa sana. Aliyekonda hukauka upesi, ila usimwache motoni muda uleule wa yule mnono, utamgeuza kuni. Ukiwa na dagaa wa Bukoba, kumbuka mvua ni adui wa kuwakausha: wanaoanikwa msimu wa mvua huchukua unyevu na ukungu, kwa hiyo wachunguze kwa mkono na kwa pua kabla hujalipa. Mteja akikudai samaki mwenye tumbo kubwa Machi, mweleze ukweli kwamba tumbo si nyama. Wengine watakuelewa. Mimi waliponielewa, walianza kushika mgongo.

Wewe wa bwawa, usidhani haya hayakuhusu. Milima yetu ina baridi. Juni na Julai usiku unajikunyata kwenye blanketi, na sato naye anaisikia. Hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hula kidogo sana. Ukiendelea kumwaga chakula kama kawaida, unalisha matope, na maji yanaharibika. Punguza chakula, angalia kama kinaliwa, ongeza joto linaporudi. Na usiache sato wajazane. Wakibanana huanza kuzaa wakiwa wadogo na kubaki wadogo. Bwawa zima linakuwa la samaki wa kiganja. Wengi hufuga madume matupu kwa sababu hiyo. Usiseme mbegu ni mbaya kabla hujaitazama hali ya maji, chakula na wingi wa samaki.

Kuhusu sheria, mwanangu, usiiogope, ijue. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zimeweka ukubwa wa chini wa samaki wa kuvuliwa: sato asipungue sentimita 25, sangara asipungue sentimita 50. Kokoro, timba, katuli na sumu haviruhusiwi. Wale wanaosaga utupa na kuumwaga majini huua hadi vifaranga wa nyasini ambao hawana hata nyama ya kuuza. Tangu mwaka 2019 tuna Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato, na sehemu ya maji tuliyoyazoea sasa imo ndani ya mipaka yake. Muulize afisa uvuvi wa wilaya yako wapi unaruhusiwa kutega kabla hujatega. Najua inauma kuambiwa usivue mahali alipovua babu yako. Lakini maji yanayopumzishwa ndiyo yanayozalisha samaki wanaoogelea hadi kwako.

Na kupumzisha maji si jambo la kufikirika tu. Mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa hilo. Wavuvi wa Kigoma waliweka mitumbwi nchi kavu. Haikuwa rahisi, watoto hula kila siku, hawajui miezi ya kufunga. Lakini nchi nne zilikubaliana kwamba samaki anahitaji muda wa kuzaa na kukua. Kama ziwa kubwa kiasi kile linaweza kungojewa, ukingo wako wa mto nao unaweza.

Sasa, uvumilivu. Najua neno hilo vijana hamlipendi, kwa sababu mara nyingi anayelisema ana chakula nyumbani. Kwa hiyo nakupa uvumilivu wenye mipango. Kwetu Mungu hakutupa samaki peke yake. Kahawa huchumwa wakati wa kiangazi, hadi ile miezi ambayo samaki anaanza kukonda. Nenda shambani, chuma, anika, pata fedha yako. Panda maharage mvua za kwanza za vuli zinapofika. Novemba, senene wakija, wakamate na uuze, wana bei. Miezi ya samaki walionona, Juni na Julai, vua kwa bidii kwa wavu halali, na weka akiba kwa ajili ya Septemba. Mwezi wa njaa tengeneza nyavu zako, ziba mtumbwi, soma daftari. Mvuvi anayetegemea samaki miezi yote kumi na miwili atalazimika kumvua samaki hata siku ambazo samaki hana cha kumpa.

Machi, kambare wanapoingia kwenye nyasi, waache angalau wiki zile za mwanzo. Ukimpata jike mwenye mayai akiwa hai, mrudishe. Jike wa sato akiwa na vifaranga mdomoni, mrudishe upesi kabla hajawatema. Kaeni vijana wa mwalo mmoja mkubaliane, kwa sababu mmoja akirudisha na mwingine akachukua, atakayerudisha atajiona mjinga na ataacha. Pangeni pamoja, na afisa uvuvi awepo, ili makubaliano yawe na nguvu.

Sikuambii haya ili ubaki maskini huku ukisifiwa kwa subira. Nakuambia kwa sababu nimeona njia zote mbili. Ya haraka ilinipa beseni lililojaa kwa mwaka mmoja. Ya pole ingenipa beseni la wastani hadi leo, na wewe ungerithi mto wenye samaki wa kushika mgongo ukajaa mkononi.

Basi fedha hizo za wavu ziweke kwanza. Nunua mizani, rula na daftari. Pima samaki wako Septemba hii, kisha kila mwezi, kupita masika hadi Juni. Kisha njoo na daftari lako tukae tuongee habari za wavu. Ukiona bado unauhitaji, nitakuwa wa kwanza kukuchangia, ili mradi ni wa macho yanayokubalika kisheria.

Mwanangu, samaki aliyekonda atanenepa. Samaki aliyemalizwa harudi. Ngoja mvua.